Lenzi Iliyoanguka Machame

Nilienda studio ya baba mdogo, karibu na hospitali ya Mawenzi, kumsaidia msimu mmoja tu wa harusi. Nilikuwa nimemaliza chuo, na rafiki yangu alikuwa ameniahidi nafasi ya kupiga picha za wageni wanaopanda mlima. Sasa huu ni mwaka wa nne. Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa stoo, hakina dirisha. Asubuhi mlima ukitoka mawinguni, naambiwa na wateja.

Shida ilikuwa lenzi. Baba mdogo aliiangusha kwenye ngazi za kanisa huko Machame, siku ya kipaimara. Kioo hakikupasuka, kwa hiyo yeye akaichukulia kuwa ni nzima. Lakini tangu siku ile nguzo za makanisa zilitoka zimepinda, shela za maharusi zikawa na utepe wa zambarau pembeni, na upande wa kushoto wa kila picha ukawa na ukungu.

Nilipomwambia, alijibu, "Si ndiyo maana upo? Kompyuta itanyoosha."

Nikanyoosha. Nilirudisha nguzo wima, nikafuta zambarau shela kwa shela. Ule upande wa kushoto niliukata, ilimradi hapakuwa na mtu amesimama hapo. Wateja walisifu picha za baba mdogo. Nilichelewa sana kuelewa kwamba nilikuwa najifungia mlango mwenyewe. Kadiri nilivyorekebisha vizuri, ndivyo lenzi ilivyozidi kuwa nzima machoni pake, na ndivyo alivyozidi kunihitaji. Ile nafasi ya mlimani akapewa mtu mwingine. Nyumbani, mtaa wa Pasua, mama aliniambia nishukuru, kwa sababu baba mdogo ndiye aliyenisomesha.

Siku moja alikuja mama mmoja wa kijiji cha juu ya Kwa Sadala, amejifunga khanga nyeusi. Mume wake alikuwa amefariki siku mbili kabla. Picha pekee ya karibuni waliyokuwa nayo ni ya ukoo mzima, tuliyowapigia sikukuu ya Krismasi, na walitaka sura yake ikuzwe kwa ajili ya mazishi. Nilipoifungua nikamtafuta marehemu. Mzee alikuwa amewaachia watoto nafasi ya katikati, yeye akasimama mwisho kabisa, kushoto.

"Itatengenezeka," baba mdogo alimwambia. "Njoo kesho asubuhi, mwanangu ataiweka sawa."

Nilikaa nayo mchana kutwa. Ukuta uliopinda unanyooka, rangi ya zambarau inafutika, lakini sura ambayo lenzi haikuichukua haiko popote. Nilikoleza macho, nikachora mstari wa mdomo, nikaazima ngozi kutoka kwenye shavu la mdogo wake aliyesimama nyuma ya watoto. Mwishowe nikapata mzee msafi, anayeonekana vizuri.

Asubuhi yule mama aliitazama bila kukaa.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akaendelea kutazama. "Huyu ni nani?"

"Ni mzee, mama. Nimejaribu kumsafisha."

"Siye. Huyu umemchora." Alisema taratibu tu, bila ukali. "Kwani ile ya kwanza ilikuwa na nini?"

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Alianza kusema kwamba mzee alitikisika wakati wa kupigwa. Nikasikia sauti yangu ikimkatiza.

"Hakutikisika, mama. Lenzi yetu ni mbovu. Ilianguka zamani, na mimi ndiye ninayeficha ubovu wake. Utusamehe."

Yule mama akaomba ile ya mwanzo, ikuzwe hivyo hivyo na ukungu wake. "Mkono wake huo hapo begani kwa mjukuu," alisema. "Huo naujua." Niliichapisha bila kuirekebisha popote.

Alipoondoka, baba mdogo aliniambia, "Umenivua nguo mbele ya mteja." Hakunisemesha kwa wiki nzima. Nilipanga kwamba akinifukuza nitashukuru na kuondoka, na kila jioni nilizima kompyuta nikiwa na begi tayari.

Hakunifukuza. Jumatatu alikuja na lenzi nyingine, akaiweka mezani kwangu ili niijaribu. Nguzo zilitoka zimenyooka. Nilimwambia basi sasa anaweza kuendelea bila mimi.

"Na hao nje je?" aliuliza.

Nilitoka kutazama. Alikuwa amebandika karatasi ukutani: hapa tunarekebisha picha zilizoharibika. Wapiga picha watatu wa mjini walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na kadi yake ya kamera mkononi. Mmoja akaniuliza kama ni mimi yule binti anayejua kunyoosha. Nikasema ndiyo, nikapokea kadi yake, nikarudi ndani.