Daftari la Sita na Saba

Muuza vitambaa wa Malindi, yule mzee wa Kigujarati niliyewahi kumtaja hapa mara mbili tatu, ametutoka. Msiba umeniuma, ila kinachoniandikisha leo ni aibu. Dukani kwake alikuwa akipima nguo kwa sauti, yadi baada ya yadi, kwa lugha ya mteja, ili mteja aridhike kwamba hapunjwi. Sita na saba, Mwarabu alihesabiwa sitta, sab'a. Mtaliano, sei, sette. Kwa Kigujarati chake ni chha, saat. Kina mama wa Marafa aliwahesabia Kigiriama, na akifika fungahe, saba yao, hutabasamu, kwani sisi Waswahili saba tumeikopa kwa Waarabu, wao wamebaki na yao.

Kufanana kwa sita na saba katika lugha hizo nyingine kulimnyima raha. Tatu ya Kiarabu, thalatha, iko mbali na tran ya kwao na tre ya Kitaliano, na tano vilevile. Kwa nini basi sita na saba zikaribiane? Nilimwambia wataalamu wenyewe hawajaafikiana: wako wanaosema ni kukopana, wako wanaosema ni sadfa tu. Sadfa hakuitaka kabisa. "Mwalimu," akaniambia, "watu hawa zamani walipimiana nguo." Aliniita mwalimu kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo akajaza daftari miaka na miaka, kila mgeni aliyeingia dukani akiulizwa hesabu ya kwao. Alilifunga kwa kitambaa chekundu. Aliniomba nije tulinakili kwa herufi wanazosoma wajukuu wake, nami nikawa mtu wa kesho, mtu wa wiki ijayo inshallah.

Siku ya kuchoma maiti yake, kwa desturi ya Kihindu, nilisimama nyuma na majirani wengine Waislamu. Nililiona lile daftari, ndani ya kitambaa chake chekundu, likiwekwa kifuani pake. Nililijua. Nikajiambia huenda ndiyo mila yao, mgeni haulizi mambo ya ibada ya watu, nikafunga mdomo mpaka moto ukawashwa.

Juzi nikaenda kumpa pole mjane wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha nikauliza habari za daftari. "Mwanangu, kila asubuhi alikuwa akilisoma polepole, na hayo maandishi mimi siyajui," akasema. "Nilidhani ni dua zake. Mbona wewe ulikuwapo na hukuniambia?"

Nimejaribu kuliandika upya daftari lile, nimeambulia lugha nne, na yeye alikuwa nazo nyingi nisizozijua hata majina. Siku hizi madukani nguo hupimwa kimya, muuzaji macho kwenye simu, kwa hiyo hakuna tena wa kumuuliza. Adabu ninaipenda, nimelelewa nayo, lakini ile ya siku ile ilikuwa woga. Neno moja tu lilitakiwa, na mwenye kulijua pale alikuwa mimi.