Nguzo ya Mwanaima

Mawese ya Mwanaima wa mtaa wa Kasingirima hayakuwa na neno. Tatizo lilikuwa babu yake. Hununui chupa bila kusimuliwa jinsi babu huyo alivyovuka ziwa kutoka Manyema akafunga jahazi lake kwenye nguzo ya mvule, ile ile iliyosimama mlangoni. Pale Ujiji, mwenye asili ya bandarini ndiye mtu. Wengine ni wapangaji tu. Kwamba kutoka mlangoni hadi majini palikuwa na mwendo wa kuchosha mbuzi, jambo hilo halikumsumbua.

"Ziwa lilirudi nyuma," alisema. "Babu hakurudi."

Mwaka wa 1963 mvua zikakataa kukoma, ziwa likapanda. Wakaja wapimaji wa serikali na mkubwa wao, Anatoli, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi. Walishusha majini kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi kupima kina, kisha wakapita mitaani kuuliza zamani maji yalifika wapi, maana yanaweza kurudi, na nyumba zilizo ndani ya mpaka huo zingehamishwa.

Mwanaima hakusikia habari ya kuhama. Alisikia swali tu, na alikuwa amelisubiri maisha yake yote. Akamshika Anatoli mkono hadi kwenye nguzo.

"Andika hapo, mwanangu."

Kigingi kikapigwa, na nyumba ikahesabiwa ya ziwa.

Jirani yake Marcelina, mjukuu wa mpagazi, jambo asilomficha mtu, akamjia mbio.

"Dada, kawaambie nguzo ni ya kufungia mbuzi. Aliichimbia marehemu mumeo, nikiona."

"Nikisema hivyo nitakuwa nani?"

"Utakuwa mwenye nyumba."

Hakusema. Nyumba ikabomolewa, naye akapewa kiwanja huko juu kwenye mihogo. Alilia waziwazi, maana watoto wake wote aliwazalia mle. Kisha akaing'oa nguzo, akaipandisha kwa mkokoteni na kuisimika kwenye mlango mpya. Wateja wa huko wakaanza kusimuliwa. Ziwa lenyewe lilionja mchicha wa watu kule chini, likachoka, wala halikufika hata kwenye kiwanja chake cha zamani.

Miaka ikapita. Wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wakihamishwa kila upande, mpimaji mwingine akaingia uani na kuiona nguzo.

"Shikamoo, bibi. Nasikia zamani ziwa lilifika hapa?"

Marcelina, aliyekuja kununua mawese, akaweka chupa yake chini asikilize vizuri.

"Marahaba." Mwanaima akaitazama nguzo, akaitazama nyumba. "Ziwa lipi? Hiyo ni ya mbuzi, aliichimbia mume wangu. Babu yangu alivuka kwenye jahazi la watu, amebeba mzigo wao."

Mpimaji akaaga, akaenda zake. Marcelina hakucheka. Aliokota chupa yake akaomba ijazwe, na Mwanaima akaijaza bila kusimulia lolote.