Sahihi ya Mwalimu Wangu

Miaka ya vita, mji wetu wa Beni ukiwa chini ya waasi, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mwendesha mashtaka. Watu walimwita Prokirere. Mahakama ilikuwepo, lakini majaji walisoma tu kile alichowapelekea, kwa hiyo mtu alihukumiwa au kuachiliwa pale pale mezani kwake. Alitaka kila mtu akiri. Dosiye, yaani faili, lisilo na kukiri, alisema, ni karatasi ya kufungia karanga.

Asubuhi moja askari walimleta mzee kutoka Oicha, wakidai aliwaficha wapiganaji wa msituni katika shamba lake la kahawa. Nilipoinua macho nilimtambua. Ndiye aliyenifundisha kusoma, katika shule ya misheni.

"Ni weye, mutoto wangu?" akauliza, akitabasamu kana kwamba tumekutana kanisani.

Prokirere alimhoji, mimi nikaandika.

"Sikufichaka mutu," mwalimu alijibu. "Hata mumoja."

Akatupwa kasho, chumba cha mahabusu kilichojaa hata watu wakalala kwa zamu. Siku ya nne miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimwingii.

Siku ya tano Prokirere akanituma.

"Ule muzee anakuamini. Umwambie akitia sahihi, ninafunga dosiye, anarudia kwake. Akikataa, ataozea pale."

"Ni kweli, shefu?"

"Nani anafungaka dosiye hapa? Hapana mimi?"

Nilikwenda. Sitasema nililazimishwa. Nilitaka mwalimu atoke, na nilitaka kubaki na kazi yangu.

"Mwalimu, tia tu sahihi. Leo utalala kwako."

"Lakini ni bongo, hapana kweli."

"Ni karatasi tu, papa."

"Weye unanihakikishia?"

"Ndiyo."

Nikamleta mezani kwa Prokirere. Maneno ya kukiri nilikuwa nimeshayapiga chapa kabla mwalimu hajafungua kinywa. Aliusoma ukurasa wote, taratibu, akasahihisha herufi moja niliyokosea, kisha akatia sahihi. Prokirere akaupuliza wino ukauke, akawaita askari.

"Huyu amekiri. Ni wenu."

Mwalimu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, bila hasira, akingoja nimweleze. Nikaingiza karatasi nyingine kwenye mashine, nikajifanya ninaipanga vizuri. Walimpakia kwenye gari, wakashika njia ya Mbau. Hakuonekana tena, wala maiti yake.

Kesho yake mke wake alifika kwa miguu, amebeba sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na ndizi.

"Wamemuhamisha, mama," nikasema.

"Wapi?"

"Sijui."

Akaniwekea chakula mezani.

"Basi ule weye. Juzi nilipomuletea chakula aliniambia kwamba uko hapa, roho yake ikatulia. Aksanti kwa kumuchunga."

Akaketi kungoja sahani yake arudi nayo. Nikala yote mbele yake, maana sikujua namna ya kukataa.