Jezi Namba Tano ya Mishomoroni

Sogea karibu kidogo, msomaji wangu, maana haya ninayotaka kukusimulia ni ya kuambizana watu wawili. Juzi nilipita nyuma ya hoteli moja kule Mkomani, mahali wanapoanika mashuka, na harufu ya jiki ikanijia puani. Unaijua jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, inayokwaruza koo hata kabla hujakifungua kizibo vizuri. Wenzangu walipita wakaendelea na mazungumzo yao. Mimi nilisimama nikajitazama vidole, kana kwamba ningevikuta bado vimenyauka na kupauka kama vilivyokuwa siku ile, nilipokuwa na miaka tisa.

Ngoja nianze na timu, kwa sababu bila timu hutaelewa kitu. Tuliishi Mishomoroni, na mtaa wetu ulikuwa na timu ya mpira iliyovaa kijani. Haikuwa na basi wala ofisi. Ilikuwa na uwanja wa mchanga wenye goli moja lililoinama kushoto, na ilikuwa na mashabiki. Wachezaji wetu hawakufua jezi zao wenyewe. Kila jezi ilikuwa na nyumba yake. Mchezo ukiisha, jezi zilivuliwa palepale uwanjani, kila nyumba ikachukua ya kwake, ikaifua, ikaipiga pasi, na siku ya mchezo mwingine ikaileta imekunjwa na kumkabidhi mchezaji mbele ya watu. Mchezaji aliipokea kwa mikono miwili. Kupewa jezi ya kufua lilikuwa jambo la heshima, na nyumba iliyoleta jezi yenye kunyanzi ilisemwa wiki nzima.

Nyumba yetu ilikuwa na namba tano. Ilikuwa ya Mjomba Karisa, ndugu yake mama, beki mrefu aliyeishi nasi katika chumba cha uani. Nilipotimiza miaka minane mama aliniachia kazi ya kuifua. Niliijua jezi ile kama ninavyoujua uso wangu: mchanga uliojificha kwenye ukosi, jasho lililokauka likawa ramani mgongoni, uzi uliokuwa ukifumuka kwapani. Na kila tukishinda, Mjomba alinipandisha mabegani, akazunguka uwanja mzima nami, nikiwaona watu wote kwa chini kama kuku.

Basi msimu mmoja timu yetu ikakaukiwa magoli. Mshambuliaji wetu alipata kazi Malindi akaondoka. Wakati huohuo timu ya Jomvu Kuu, wale wenye jezi za manjano, ilikuwa na washambuliaji wa kugawa, lakini ngome yake ilivuja kama chujio. Hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kununua mchezaji, kwa hiyo makapteni wawili wakakaa wakakubaliana kubadilishana. Mjomba Karisa aende Jomvu, akakae hukohuko karibu na mazoezi. Kijana wao, Athumani, aje kwetu. Sharti lilikuwa moja: baada ya michezo mitatu mashabiki wa kila upande wataulizwa. Upande mmoja ukisema haumtaki mgeni wake, kila mtu atarudi kwao. Mchezo wa tatu, kwa jinsi ratiba ilivyoangukia, ulikuwa kati yetu na Jomvu wenyewe.

Mimi sikuulizwa. Niliamka nikakuta chumba cha uani kimefagiliwa.

Mjadala wote ulikuwa kwa Bi Riziki, aliyekaanga viazi karai pembeni mwa uwanja na aliyeipenda timu kuliko viazi vyenyewe. Mpinzani wake alikuwa Fundi Kahindi, mshonaji aliyetushonea jezi zetu. Mwingine alikuwa Omondi, mfanyakazi wa bandarini mwenye sauti kubwa, ambaye Athumani alikuwa akilala chumbani kwake.

"Mshambuliaji gani anavaa namba tano?" Fundi Kahindi alianza, kijiti cha meno mdomoni.

"Kwani namba ndiyo ifungayo goli, Fundi?" Bi Riziki alimjibu bila kuacha kugeuza viazi. "Jezi iliyobaki ni hiyo, ulitaka avae shuka? Na gauni langu la Idi, unangojea Idi gani ulimalize?"

Watu walicheka. Fundi hakucheka.

"Mimi nasema huyu moyo wake uko Jomvu. Mtu amezaliwa kule, amesoma chuo cha Kurani kule, leo aje atufungie sisi? Labda ndotoni."

"Aah, mpeni muda, nyinyi," Omondi alisema. "Huyu boi anaamka kabla ya mimi kwenda shift, anakimbia mpaka barabarani na kurudi. Mnataka nini tena?"

"Kukimbia hata punda hukimbia!"

Hivyo ndivyo walivyokwenda, siku baada ya siku, na nusu ya mtaa ilikuwa upande huu na nusu upande ule. Mchezo wa kwanza Athumani alikosa goli tupu, mpira ukaenda kuuangusha ukuti uliokuwa ukining'inia mnazini. Mchezo wa pili alifunga moja, lakini tukafungwa mawili.

Ungemwona, usingemchukia. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye Kiswahili cha taratibu cha watu wa Jomvu. Kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyoifua jezi yake, desturi ilitaka ale kwetu mchana wa siku ya mchezo. Alipofika mlangoni alisema, "Shikamoo, mama," akavua viatu, akakaa palepale Mjomba alipozoea kukaa. Hilo ndilo lililonichoma. Akiniambia, "Hujambo, Dama?" nilikuwa naangalia ukuta mpaka mama anifinye.

Nami nikafanya hesabu zangu za kitoto. Kanuni ya ligi yetu ilisema asiye na jezi hachezi. Asipocheza mchezo wa tatu, mashabiki watamkataa. Wakimkataa, Mjomba atarudi. Sikuona kosa lolote katika hesabu hiyo.

Mama alikuwa akifanya kazi ya usafi hotelini, na chini ya kitanda tulikuwa na chupa ya jiki. Alikuwa amenifundisha vizuri: kizibo kimoja katika ndoo nzima, na nguo za rangi usiziguse nayo kabisa. Jumamosi mchana, akiwa kazini, nilimimina mpaka chupa ikawa nyepesi. Nikaitumbukiza jezi namba tano upande wa mgongo, nikakaa kitako nikingojea igeuke nyeupe na kuharibika.

Haikugeuka nyeupe. Kijani kilianza kuondoka taratibu, kwa mabaka, na chini yake pakatokea manjano. Si manjano yoyote. Manjano ileile ya Jomvu Kuu.

Niliogopa kama nilivyokuwa sijaogopa maishani. Niliisuuza mara nne, nikaianika nyuma ya choo, nikaipiga pasi, nikaikunja kwa namna ambayo mbele tu ndiyo iliyoonekana. Mama aliporudi, miguu imemvimba, aliitazama juu ya meza akasema, "Mwanangu, leo umeipiga pasi kweli." Nilitamani anichape badala ya kunisifu.

Jumapili Athumani alikula kwetu, akashukuru, tukaenda uwanjani. Jomvu walikuwa wameshafika, na Mjomba Karisa alikuwa miongoni mwao, amevaa manjano. Alinipungia mkono. Mama akaitwa, akamkabidhi Athumani jezi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaivaa, akageuka kuwapa mkono wenzake, na mtaa mzima ukauona mgongo wake.

Kisha kelele.

"Niliwaambia!" Fundi Kahindi aliruka juu ya benchi. "Niliwaambia mimi! Tazameni, hata jezi imemkataa! Ameipaka rangi ya kwao!"

"Ameipaka saa ngapi, Fundi? Si imetoka mkononi mwa Mama Dama sasa hivi?" Bi Riziki alimuuliza.

"Basi ni mambo ya dawa. Jomvu hao, mnawajua au mnawasikia?"

"Wee, shika ulimi wako!" mtu wa Jomvu alijibu kutoka upande wa pili. "Dawa tungekuwa nayo, tungemtibu kwanza kipa wetu!"

Mama alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja. Athumani aliusogeza ukosi puani, akanusa. Kisha macho yake yakashuka kwangu. Alitazama gauni langu, lililokuwa na vitone vyeupe kifuani kama nyota, akatazama vidole vyangu. Akajua. Nami nikajua kwamba amejua.

Nilingoja aseme. Watu walikuwa wakipiga kelele, "Avue! Arudi kwao!" na yeye akaivua jezi pole pole, akaikunja vizuri kama alivyoipokea, akamrudishia mama.

"Shukrani, mama," alisema. "Umenifulia mara mbili na kunilisha mara tatu. Sina cha kuwalipa. Mniwie radhi."

Akaanza kuondoka na kifua wazi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mjomba wangu alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, na kesho angelala chumba cha uani. Lakini mama alikuwa amesimama na ile jezi mikononi, anaigeuzageuza, na niliona wazi kwamba anadhani kosa ni lake.

"Ni mimi," nilisema. Hakuna aliyenisikia. Nikapiga kelele: "Ni mimi niliyeitia jiki! Nilitaka Mjomba arudi!"

Nilijua nitachapwa. Badala yake Omondi aliichukua jezi, akaigeuza kwenye jua, akakunja uso.

"Ngoja kwanza," alisema. "Jiki hutoa rangi. Haileti rangi. Hii manjano imetoka wapi?"

Watu wote wakageuka kumtazama aliyeishona. Kijiti cha meno kilikuwa kimesimama mdomoni mwa Fundi Kahindi.

"Fundi?" Bi Riziki aliuliza, kwa upole wa kutisha.

"Kitambaa cha kijani kilikuwa kimekwisha dukani," Fundi alisema hatimaye, akiitazama miguu yake. "Nilikuwa nimebakiwa na jora."

"Jora la nani?"

"La hawa hapa. Ndio niliowashonea zao kwanza. Nikatia rangi ya buluu juu, ikawa kijani. Kizuri tu. Wallahi mlikisifu wenyewe."

Alikuwa Mkristo, Fundi Kahindi, lakini siku ile wallahi ndiyo iliyomjia. Ilichukua muda jambo kuingia vichwani. Kisha mtu wa Jomvu akaanza kucheka, akafuatiwa na Omondi, na Bi Riziki akakaa chini mchangani kabisa, machozi yakimtoka.

"Kwa hiyo sote tumevaa Jomvu msimu mzima!" alisema. "Na mwenye moyo wa Jomvu tukamtafuta mmoja!"

Mjomba Karisa ndiye aliyemrudisha Athumani, amemshika begani. Athumani aliivaa tena ile jezi yenye mabaka na akacheza nayo hivyohivyo. Hakufunga. Mjomba alimzuia mara mbili, moja kwa njia ambayo hata Bi Riziki hakuisamehe. Lakini dakika za mwisho Athumani alimtengea mwenzake mpira safi, tukasawazisha, bao moja kwa moja. Mchezo ulipoisha, kapteni aliuliza kwa sauti: nani hamtaki Athumani? Jomvu walikuwa wameshasema wanamtaka Mjomba. Ningeweza kuinua mkono. Niliuweka mgongoni, nikaushika kwa mkono mwingine. Hakuna aliyeinua, hata Fundi.

Mama hakunichapa. Jioni alimwalika Athumani tena, akanipa chakula changu nile nimekaa karibu naye, jambo ambalo kwa siku ile lilikuwa adhabu tosha. Athumani aliniuliza tena, "Hujambo, Dama?" nikamjibu, "Sijambo." Alicheza kwetu misimu minne, na jezi yake niliifua kwa maji na sabuni tu.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Nikiwa mtu mzima nilikwenda Jomvu Kuu kwa arusi ya mtoto wa Mjomba Karisa; Mjomba mwenyewe alioa hukohuko akabaki hukohuko, mwenye furaha na kitambi. Jikoni nilikuta mwanamke wa rika langu akichambua mchele. Jina lake Mwanaisha, mdogo wake Athumani.

"Kumbe ndiwe Dama wa jiki!" aliniambia. "Jezi ya mjomba wako ilifuliwa kwetu, nami niliitia chini ya godoro. Niliilalia siku tatu. Wakamvalisha mjomba wako jezi ya kipa."

"Kwa nini?"

"Mlinichukulia kaka yangu."

Tulicheka mpaka wapishi wakatugombeza. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilifikiri sana. Siku zote zile nilikuwa nimemwona Athumani kama mtu aliyekuja kuchukua. Haikunipitia akilini kwamba naye alikuwa ameondolewa mahali, kwamba kule nyuma yake palikuwa na chumba kilichofagiliwa, na mtoto aliyeamka akakikuta hivyo. Mashabiki walibishana juu ya miguu yake na moyo wake kwa wiki kadhaa, nami nilimpikia hila, na katika sisi sote hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza habari za kwao.

Basi mtu mpya akija kwenye timu yenu, au darasani, au kazini, fanya hivi: mpe mahali pa kukaa, mwulize ni akina nani aliowaacha kwao, na usimkatize mpaka amalize kukujibu.