Unga wa Bei ya Serikali

Chifu alilileta tangazo asubuhi. Alisimama mchangani mbele ya duka langu, kwa sababu hapo ndipo watu wa kijiji chetu, Mkokoni, hukusanyika, akasema kuanzia siku hiyo hakuna chombo kutoka. Si cha kuvua, si cha kuvuka kwenda Kiwayu, si cha kwenda Amu, yaani Lamu mjini. Gari lilikuwa limelipuliwa barabarani siku mbili kabla, na wanajeshi walikuwa msituni wakiwasaka waliotega bomu lile. Marufuku ingedumu hadi lini, hakusema. Wavuvi walimsikiliza, kisha wakaenda kufungua injini za boti zao, wakazibeba mabegani hadi majumbani.

Mimi niliona serikali imefanya vyema, na nilisema hivyo kwa sauti. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mwanajeshi, na wakati huo alikuwa ng'ambo ya mpaka, Somalia, mahali ambapo hakuruhusiwa kunitajia. Kila lilipopita boti la doria nilihisi kuna mtu anamlinda.

Sikuzaliwa huku. Nilitoka bara nikimfuata mume aliyekuwa mwalimu wa shule ya hapa. Ndoa ilipovunjika naye akahamishwa, mimi nilibaki na duka. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, ambaye miaka yote nimemwita Bi tu. Yeye aliishi kwa kukaanga mahamri ya kuwauzia wavuvi kabla hawajatoka. Sasa hawakutoka, na karai lake lilikaa limefudikizwa uani.

"Wanajeshi wangekaa kwao, haya yasingetufika," aliniambia siku ya pili.

"Bi, wasipoenda wao kule, wale watakuja huku."

"Wamekwenda, na wale wamekuya. Sasa wasemaje?"

Nikajibu kwa hasira kwamba yeye hana ndugu kule. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wiki moja baadaye chombo kimoja kiliruhusiwa kuleta vyakula kutoka Amu, kikisindikizwa na doria. Nilipata mabunda kumi na manne ya pakiti za unga wa mahindi, lakini tajiri wa jumla aliyeniuzia alikuwa ameipandisha bei karibu maradufu. Aliniambia kwenye simu kuwa hajui chombo kingine kitatoka lini, na nisipotaka wapo wengi wanaotaka. Nililipa. Nami nikapandisha, na watu wakanung'unika, ila walinunua.

Kisha redio ikatangaza. Serikali imeweka bei ya pakiti ya unga nchi nzima, na atakayeuza zaidi atafungiwa duka. Bei yenyewe ilikuwa chini ya ile niliyonunulia mimi. Kesho yake chifu aliibandika karatasi mlangoni pangu.

"Chifu, mimi nimenunua juu ya hiyo," nilimwambia.

"Hilo ni lako na tajiri wako wa Amu."

"Basi serikali ianzie kwake, isianzie kwangu."

"Mama, mimi nimepewa karatasi. Sikupewa maswali."

Alipoondoka niliacha mabunda matano dukani, nikayasukuma tisa hadi chumbani, nyuma ya pazia la kitanda. Nilijiambia ni mali yangu, nimeinunua kwa jasho langu, na serikali ambayo haikunisaidia kununua haina haki ya kunipangia kuuza. Nilikuwa nikilisukuma la mwisho Bi alipoingia kwa mlango wa uani, kama alivyozoea, kuomba chumvi. Aliliona bunda, akaniona nilivyoloa jasho. Alichukua chumvi yake akatoka.

Yale matano yaliisha kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo, siku tatu nzima, kila aliyekuja nilimwambia unga umekwisha. Nilizoea kulisema neno hilo hata kabla mtu hajauliza. Alikuja mke wa mvuvi mmoja, mimba yake kubwa, akaniomba kikombe kimoja tu cha unga wa uji. Nikamwambia umekwisha. Alisimama kidogo akiangalia rafu, akanishukuru, akaenda zake. Mchana huo nilisonga ugali wangu taratibu ili mwiko usigonge sufuria, nikala nimefunga dirisha, na chakula hakikuwa na ladha yoyote mdomoni mwangu. Simu ilikuwa kando ya sahani. Mdogo wangu hakuwa amepiga kwa siku tisa.

Siku ya nne chifu alikuja na askari wawili, na nyuma yao nusu ya kijiji. Mtu alikuwa amesema. Nilidhani namjua ni nani.

"Kuna unga?" chifu aliuliza.

"Umekwisha."

Alitazama mlango wa chumbani, akageuka kumtafuta jirani yangu kwenye kundi. "Bi, wewe unaishi naye ukuta kwa ukuta. Kuna unga mle ndani?"

Niliisikia bendera ya shule ikipigwa na upepo. Bi alijifunga leso yake upya, polepole. Nilijua hapo hapo kwamba si yeye aliyesema.

"Nyumba ya mtu siisemei mimi," alijibu. "Muulize tena mwenyewe."

Kisha akanitazama. Katika mato yake, kama ayaitavyo yeye macho, sikuona hasira. Alikuwa ananipa nafasi, na kila mtu pale aliona kwamba ananipa. Ningeweza kurudia neno langu. Ulimi ulikuwa tayari. Yule mwenye mimba alikuwa ameegemea nguzo ya kibaraza, kiganja kiunoni.

"Mabunda tisa," nilisema. "Nyuma ya pazia."

Mtu akapiga kelele, "Tuuchukue!" na kundi likasukuma. Meza ya dukani iliteleza ikanibana ukutani, chupa za mafuta zikaanguka. Askari mmoja, kijana aliyekuwa na hofu kuliko mimi, alishusha bunduki begani na kuishika kwa mikono miwili. Nilipiga ukelele. Bi alikuwa amekwisha kufika mlangoni pa chumba changu, amenyoosha mikono yote miwili kutoka mwimo hadi mwimo.

"Hapana mtu kuingia nyumba ya mwanamke!" alisema. "Atauza. Ndaa tunayo sote. Pangani mstari, na mwenye mimba atangulie. Nawe mwanangu, weka hicho kitu chako."

Sijui askari yule alitii kwa sababu gani, lakini aliirudisha bunduki begani. Mstari ukapangwa. Niliuza kwa bei ya karatasi, chifu amesimama kando, na kwa haraka zangu pakiti mbili zikapasuka. Hakulifunga duka. Alinionya mbele ya watu, na aibu ile ilinitosha.

Walipotawanyika Bi alinisaidia kuzoa vioo.

"Serikali imeniua leo, Bi."

"Yeo imetulisha."

"Na kesho? Nitanunulia nini?"

Kesho ilipofika, tajiri wa Amu alikataa kuleta unga kwa bei ile, na hakuna aliyemlazimisha. Karatasi ilibaki mlangoni, rafu tupu. Tulikula muhogo na nazi kwa siku kumi na kitu. Mwishowe boti la serikali likaleta unga wa msaada, wenye pumba na mchanga, ukagawiwa bure shuleni. Ulikuwa mbaya, na nilipanga mstari kuuchukua kama wengine. Baadaye wavuvi waliruhusiwa kutoka mchana tu.

Mdogo wangu alipiga siku chache kabla ya unga ule kufika. Sauti yake ilikuwa ya juu mno. Alisema sikio moja halisikii tena tangu kishindo fulani ambacho hakutaka kukieleza. Nilimwuliza kama watu wa kule wanawapenda.

"Wengine," alisema. "Tulipofika barabara ilifunguka, malori yakapita, wakatushangilia. Halafu kambi ikaanza kununua mbuzi na maziwa sokoni, bei ikawashinda wenyeji. Juzi mama mmoja ameniuliza, mmekuja kutulinda au kutulia chakula?"

Nilimsimulia Bi maneno hayo uani kwake. Nilitarajia aseme, si nilikwambia. Aliuliza tu, "Sikio lipi?"

"La kushoto."

"Mwambie arudi nti yake. Kila nti ina mama wa kuichunga."

"Na wale wakija tena barabarani, Bi?"

"Hapo," alisema, "sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui. Nami nilimwambia kwamba sijui pia, si juu ya askari wala juu ya bei. Kwamba siku ile ningeachwa niuze nitakavyo, mwenye mimba angelala bila uji, na mimi ningelala nimeshiba. Yule mke wa mvuvi alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia, mtoto wa kike. Bi alisema tuinuke twende tukamtazame, tukaenda.