Mkanda Uliobaki kwa Mama Mkwe

Taratibu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake wa kituo cha zimamoto, kwa sababu hata king'ora kikilia na wengine wakigongana mlangoni kama kuku waliomwagiwa maji, yeye alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, na bado akawa miongoni mwa wa kwanza kukaa garini. "Haraka haraka haina baraka," alikuwa akiwaambia. Nao walimjibu kwamba basi aende akaufundishe moto methali hiyo.

Kila mzimamoto pale alikuwa na mkanda wake. Si wa suruali. Ni utepe mpana wa nailoni, ncha zake zimeunganishwa ukawa duara refu, unakunjwa kwa namna moja tu na kukaa mfuko wa kulia wa koti, ili mkono uliovaa glovu uuchomoe mara moja katika moshi ambamo mtu haoni hata kidole chake. Ukimkuta mtu amezimia sakafuni, unaupitisha mgongoni kwake, unautoa chini ya makwapa, unaupenyeza upande mmoja ndani ya mwingine, unavuta. Mwili unakuja wote kwa pamoja. Mkuu wa kituo, mama mmoja ambaye sauti yake peke yake ingetosha kuzima jiko, aliwafundisha hivyo kwa mdoli mzito mpaka mdoli ukatoka pamba. Mkanda mfupi, alisema, hautoshi kuzunguka kifua, unaishia kwenye vifundo vya mikono: unafunga hapo, unaburuta.

"Hiyo ni njia ya asiye na njia," alikuwa akiwaonya. "Bega la mtu si mpini wa ndoo."

Asubuhi, kwenye mstari, mkuu aliita, "Mkanda!" na wote wakajipiga mfuko wa kulia, pa! Basi, ukaguzi umekwisha. Hakuna aliyefungua mfuko wa mwenzake, maana watu wazima hawapekuani. Ilikuwa marufuku pia kuutoa mkanda kituoni, na kwa kuwa ilikuwa marufuku, kila mtu alikuwa ameutoa. Dukani hupati kitu kama kile. Mmoja alivutia pikipiki iliyokufa. Redio, mwenzake Taratibu wa zamu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki, alifungia friji na kuurudisha kesho yake unanuka samaki.

Taratibu alifungia kabati la mama mkwe.

Bibi huyo alikuwa amekubali hatimaye kuja kuishi nao, na kabati lake, zito kama dhambi, lilikuja juu ya gari la mizigo likiwa limezungushwa mkanda, kwa kuwa kitasa chake kilikuwa kibovu. Lilipowekwa chumbani, mama mkwe alilizunguka, akaugusa mkanda, akafurahi kama bibi harusi.

"Mkwe wangu, Mungu akuzidishie. Mlango huu ulinishinda miaka yote, leo umefunga mdomo. Usiufungue, tafadhali."

Sasa wewe niambie, nani anamnyang'anya mama mkwe kitu alichokwisha kukiombea dua? Usiku ule Taratibu alimnong'oneza mkewe, "Mwambie mama yako ule mkanda ni wa kazi."

"Mwambie wewe. Si wewe ndiye mkwe mwema?"

Wakacheka, wakalala. Kesho yake alichukua stoo ya kituo kipande kifupi cha utepe wa kufungia mipira ya maji, akakikunja, akakitia mfukoni. Siku mbili tatu tu, alijiambia, mpaka apate fundi wa kitasa. Mkuu akaita, "Mkanda!" Akajipiga mfuko, pa! Mlio ulikuwa uleule. Fundi hakutafutwa wiki hiyo, wala wiki iliyofuata, na kwa kweli baada ya hapo Taratibu alisahau hata kuona aibu.

Moto uliomwonyesha kosa lake uliwaka mchana, ghorofani, juu ya safu ya maduka. Jiko la gesi lililipuka katika nyumba ya jirani, na moshi ukajaa kwenye korido. Watu wa chini walipiga kelele kwamba mama msusi yumo, chumba cha nyuma, alikuwa amelala. Taratibu na Redio walipanda. Redio alibaki kwenye korido na mpira wa maji, akiuzuia moto usiwazibie njia. Taratibu alitambaa mpaka chumbani, akapapasa, akamkuta mama kati ya kitanda na ukuta, mzito, hajibu.

Akaingiza mkono mfukoni. Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa.

Mkanda mrefu ulikuwapo hatua chache nyuma yake, katika koti la Redio. Angepiga kelele tu, "Nipe mkanda wako!" Lakini maneno hayo yangezaa swali, na swali la Redio lingefika kituoni kabla ya gari. Hapo ndipo aibu ilipomshika, ndani ya moshi, mtu akifa miguuni pake. Aliionea haya midomo ya watu. Akafunga vifundo vya mikono ya yule mama kwa kile kipande, akavuta.

Alikuja vizuri mpaka kwenye kona ya mlango, akakwama. Taratibu akavuta kwa nguvu zake zote, na akahisi, kupitia utepe ule, kitu kikiachia ndani ya bega. Mama akapita. Nje alikohoa, akafungua macho, na barabara nzima ikapiga makofi.

Mama msusi alikuja kituoni mwenyewe baada ya kutoka hospitali, amebeba keki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mishipa ilikuwa imeumia, alisema, vidole havimsikii tena. Na huyu alikuwa msusi ambaye wanawake walivuka mji kumfuata.

"Mkono si kitu, mwanangu," alimwambia Taratibu mbele ya wote, akimshika shavu. "Mikono ni miwili, roho ni moja. Na roho hii umenirudishia wewe."

Wenzake wakashangilia. Redio akasimulia upya mkasa mzima, na katika masimulizi yake moto ulikuwa umeongezeka ghorofa mbili. Taratibu alimsogezea Redio keki yake. Watu walipotawanyika mkuu alimvuta kando.

"Ulimfunga wapi?"

"Mikono, mkuu. Nafasi ilikuwa finyu."

Mkuu alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Hutokea." Akamwamini. Hilo lilimuuma Taratibu kuliko kama angetukanwa.

Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwenye kabati na kuufungua mkanda. Mlango ukafunguka, nguo za mama mkwe zikamwagika miguuni. Bibi akaja mbio.

"Kulikoni, mkwe wangu?"

"Mkanda ni wa kazini, mama. Naurudisha."

"Loo! Wa kazini?" Akaanza kuokota nguo zake, hana kinyongo hata chembe. "Si ungesema tu? Mimi ningefunga hata kwa kanga kuukuu."

Taratibu aliinama kumsaidia, machozi yakamtoka, akasingizia vumbi. Ingegharimu sentensi moja tu. Siku zilizofuata hakula, hakulala, hakucheka na watu. Mkewe alimlazimisha aseme, akasema, na mkewe hakumlaumu kwa sababu naye alikuwa amecheka usiku ule. Mwishowe Taratibu akaamua. Atamwendea mama msusi amweleze, liwalo na liwe.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu na viti vitatu. Msusi mwingine alikuwa akimsuka mteja, na mama mwenyewe alikaa pembeni akimchagulia nyuzi kwa mkono wa kushoto. Alipomwona Taratibu aliinuka na furaha yote.

"Mwanangu! Karibu, karibu. Jamani, huyu ndiye niliyewaambia."

Taratibu akamwomba watoke barazani. Pale, akiangalia viatu vyake, alisema yote: kabati, kipande kifupi, mfuko, Redio na mkanda wake hatua chache nyuma, na namna alivyoona aibu kuuomba. Hakujipunguzia. Alipomaliza alingoja kofi au laana, na kwa kweli alivitamani vyote viwili.

Mama hakutoa hata kimoja. Aliuliza polepole, "Ungekuwa na ule mrefu, mkono huu ungepona?"



"Labda, mama. Sijui. Labda."

"Labda." Mama aliutazama mkono wake ndani ya kitambaa. "Daktari aliniambia, mama, hiyo ni kazi ya moto. Nikakubali, maana moto hauna mtu wa kumgombeza. Nikawa nalala. Sasa umeniletea labda. Wewe leo utalala, umeutua mzigo wako. Mimi je?"

"Nisamehe, mama."

"Mkubwa wako umemwambia?"

Taratibu alirudisha macho kwenye viatu vyake.

"Na huyo mwenzako?"

"Bado."

"Bado." Alitikisa kichwa, na safari hii hakusema mwanangu. "Umeanza na mimi kwa sababu ulijua siwezi kukufukuza. Mtu aliyenitoa motoni nitamfukuzaje? Kwa hiyo umekuja hapa kwanza, upate cha kutulizia moyo, ukiridhika unyamaze. Siyo?"

Alitaka kukana. Lakini ilikuwa hivyohivyo. Njia nzima kutoka nyumbani alikuwa amejiambia kwamba akishasamehewa na mwenyewe, kituoni hakuna haja.

"Nenda kawaambie wao," mama alisema. "Wakucheke, wakufukuze, wakufanye watakalo. Ukishakuwa huna pa kujificha, ndipo urudi uniombe msamaha. Leo sina."

Akarudi ndani. Kupitia mlangoni Taratibu alimsikia mteja akiuliza, "Ndiye yule shujaa?" na mama akajibu, bila kusita, "Ndiye."

Alisimama barazani neno lile likimchoma. Kisha akashika njia ya kituoni, siku ambayo haikuwa zamu yake, akiomba kila hatua asimkute mkuu, lakini hakuacha kwenda.