Fundi Thabiti na chambo cha virusi

"Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Andika hivyohivyo, usinipambe," anasema Thabiti Nammole, kisha anacheka hadi bisibisi inamponyoka.

Ni saa tatu asubuhi kwenye karakana yake mjini Mtwara. Fundi huyu wa kompyuta ameinamia mashine aliyoipiga windo jana. Kupiga windo ndivyo mafundi wanavyoita kufuta mfumo mzima wa kompyuta na kuweka mpya. Mashine inawaka vizuri, haikwami, inang'aa kama sufuria ya harusi. Mwingine angeshaifunga akadai chake. Thabiti haifungi.

Anachomeka flashi ndogo nyekundu anayoiita chambo. Ndani yake kuna barua mbili tu alizoandika mwenyewe: moja inasema "hujambo", nyingine "sijambo". Anafungua hiki, anafunga kile, anaizima mashine na kuiwasha tena. Kisha anaichomoa flashi na kuipeleka kwenye kompyuta kuukuu iliyo pembeni, yenye mfumo tofauti ambao virusi hivi haviuwezi, na inayoonyesha hata mafaili yaliyofichwa.

"Nimeweka barua mbili," anasema. "Nikikuta mbili, nashukuru. Nikikuta ya tatu, kuna mgeni hakupiga hodi."

Mwenye mashine, Mwaisha Selemani, amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kama mtu aliyeleta mtoto hospitali. Ana duka la steshenari karibu na barabara ya bandarini. Msimu wa korosho kama huu wa 2008, mawakala wa mizigo huchapisha orodha zao kwake. Virusi vilipoyaficha mafaili yao, malori yalishinda juani yakisubiri karatasi, na mawakala wakahamia duka jingine.

"Hii mara ya tatu unaitibu," anamwambia fundi bila kupandisha sauti. "Leo ikiumwa tena naipakia basi la Dar es Salaam, na mimi na wewe tusijuane."

Thabiti anaichomeka flashi kwenye ile kuukuu. Anajua kwamba mtaa huu Mwaisha akihamisha mashine, wenzake wote wenye steshenari watamfuata.

Ujinga anaoucheka aliufanyia mlangoni kwa mama huyuhuyu. Alikuwa ameipiga windo mashine yake kwa mara ya pili, na kesho yake virusi vikarudi. Akasimama mbele ya wateja akamwambia Mwaisha kwamba kosa ni lake mwenyewe, anachomeka flashi ya kila apitaye.

Mwaisha akamjibu, "Tangu ulipoondoka mashine imefunikwa kitambaa. Aliyeichomeka kitu ni wewe."

"Nikamwona mbishi," Thabiti anakumbuka. "Nikaenda zangu nimevimba kama andazi."

Jumapili yake alikwenda kijijini Ziwani kwa mama yake, Bi Mwanaidi, mkulima wa mihogo na korosho ambaye mpaka leo anawaambia majirani kwamba mwanawe anatibu televisheni. Thabiti akamweleza: amefuta kila kitu, ameweka kipya, ugonjwa umerudi uleule. Mama alikuwa anamenya mihogo, wala hakuinua kichwa.

"Umefyeka shamba, umechoma, umelima upya, batobato imerudi," alisema. "Sasa mwanangu, mbegu ulitoa wapi?"

Batobato ni ugonjwa wa majani ya mihogo. Husafiri ndani ya vijiti vya kupandia, na vijiti kwa macho vinaonekana vizima kabisa.

"Niliacha kutafuna mhogo," anasema Thabiti.

Mbegu aliitoa mfukoni mwake. Kila akimaliza kupiga windo, huweka programu ya printa kutoka kwenye flashi yake mwenyewe, iliyofungwa pamoja na funguo za nyumbani. Aliporudi mjini akaipima. Mgeni alikuwemo, amejikalia. Fundi alikuwa anavipanda virusi nyumba kwa nyumba, kuanzia Shangani hadi bandarini, na analipwa.

"Nusu ya wagonjwa wangu niliwaambukiza mimi," anasema. "Biashara ilikuwa nzuri mno!"

Thabiti, mwenye miaka thelathini na minne, alianzia kwenye redio za kaseti. Leo hutoza shilingi elfu kumi na tano kupiga windo. Kupima baada ya hapo ni bure, na ndiko nusu ya siku inakoishia. Baada ya kugundua kosa lake alizunguka kwa wateja wote, akasafisha bila malipo. "Kuna walionipa chai, kuna walionipa maneno." Thabiti alimweka Mwaisha mwisho, kwa kuwa alimwogopa kuliko wote. Akamweleza yote palepale mlangoni, mbele za watu. Mwaisha akamsikiliza, kisha akasema, "Haya, leta mkokoteni uichukue."

Sasa Thabiti anafungua chambo. Mwaisha anasimama na kuchungulia juu ya bega lake.

Barua mbili.

"Hesabu tena."

Anahesabu tena. Hujambo, sijambo. Mwaisha anasema "Alhamdulillahi", ila mkoba haujamtoka kifuani.

Fundi ana mpango. Anataka kila duka analolihudumia liwe na kompyuta kuukuu mlangoni, flashi zote zipimwe hapo kabla ya kufika kwenye mashine kubwa. Ya kwanza ameifufua kutoka kwenye mabaki, na ni ya Mwaisha.

"Wateja watanuna," Mwaisha anaonya. "Mtu hujamwamkia, unamwambia lete nikuone kama unaumwa?"

Alasiri mashine zote mbili ziko dukani, ile kuukuu kwenye meza ya mlangoni. Thabiti anatoa flashi yake aweke programu ya printa. Mwaisha anamdaka mkono.

"Mlangoni, fundi."

Thabiti anacheka, anarudi mlangoni, anaipima mbele yake. Ni safi. Ndipo anapoingia Hashimu, wakala wa mizigo, wa kwanza kurudi tangu malori yalipokwama. Flashi iko mkononi, anaelekea moja kwa moja kwenye mashine kubwa. Mwaisha anamwonyesha ile kuukuu.

"Mimi?" Hashimu anasimama. "Da Mwaisha, miaka yote hii nakuja hapa, leo nipimwe kama mgeni? Flashi yangu haijaumwa hata siku moja. Umeniona mchafu?"

Thabiti anafungua mdomo aeleze. Mwaisha anamtangulia, kiganja amekinyoosha kuipokea flashi.

"Fundi mwenyewe kavua viatu mlangoni, shehe. Wewe una miguu gani?"